Shokapu za gari lililoinuliwa: pima urefu kabla ya kuuliza bei

Mvua zinapokatika mkoani Tabora, magari yaliyolala majumbani tangu Desemba hurudi kazini. Mengine hufuata asali Sikonge na Inyonga, mengine tumbaku Urambo na Kaliua, na yako yanayokwenda popote penye mahindi na karanga. Mengi ya magari hayo ni Toyota Land Cruiser na Land Rover yaliyoinuliwa ili yapite juu ya visiki vya miombo na yasikwame kwa tumbo katika udongo mweusi wa mbugani. Wamiliki wake hujua waliyolipa kuyainua. Hasara huanzia kwingine, katika shokapu zilizofungwa baada ya gari kunyanyuka.

Kinachobeba uzito wa gari na kuliweka juu ni springi, ziwe za pleti au za kuzunguka. Shokapu haibebi kitu. Kazi yake ni kuituliza springi ikishakunjwa na shimo, ili isiendelee kurusha gari juu na chini. Ndani ya bomba lake mna oili na pistoni yenye vitundu vidogo. Oili ikilazimishwa kupita katika vitundu hivyo, nguvu ya mtikisiko hugeuka joto na joto hilo hutoka kupitia ganda la bomba. Kwa hiyo muuzaji anayesema shokapu zake zitainua gari anauza maneno. Hata anayesifu ugumu tu bado hajajibu swali la kwanza, ambalo ni la urefu.

Tuchukue mfano wa hesabu. Shokapu ya kiwandani ina sentimita 34 ikiwa imefungwa kabisa na 56 ikiwa imenyooka. Gari likisimama sawa, shokapu hiyo iko kwenye 46. Ekseli ikipanda, hugonga raba ya kizuizi shokapu ikiwa kwenye 36, yaani sentimita 2 kabla shokapu yenyewe haijafika mwisho wake. Ikishuka, ina nafasi ya sentimita 10. Sasa mwenye gari anaweka springi za kuinua kwa sentimita 5, au inchi 2 kama mafundi wengi wanavyohesabu, na kuziacha shokapu za zamani. Gari likisimama, shokapu iko kwenye 51. Nafasi ya kushuka imebaki sentimita 5 tu.

Maana yake ni kwamba kila gurudumu linapoingia kwenye korongo, shokapu hufika mwisho wa kunyooka na kubaki inaning'iniza ekseli, kazi ambayo haikutengenezewa. Pistoni hugonga kifuniko cha juu, sili hupasuka, na baada ya safari kadhaa masikio yaliyochomelewa kwenye chesisi huanza kufanya nyufa. Shokapu ni bidhaa ya dukani na inabadilishika. Ufa wa chesisi katikati ya pori la Ugalla ni habari nyingine.

Wapo wanaokimbilia upande wa pili kwa kununua shokapu ndefu kuliko zote zilizopo dukani. Tuseme ina 66 ikinyooka na 40 ikifungwa. Kunyooka haina shida, lakini ekseli ikipanda, shokapu hiyo itafika mwisho sentimita 4 kabla raba ya kizuizi haijaguswa. Hapo chuma hugonga chuma, na uzito wote wa gari pamoja na mzigo hushuka juu ya fimbo nyembamba ya shokapu. Shokapu ndefu ina mwili mrefu, na haiwezi kujikunja kuupita mwili wake.

Katika mfano wetu jibu liko katikati: shokapu yenye 61 ikinyooka na 37 ikifungwa, pamoja na kuongeza unene wa raba ya kizuizi kwa sentimita 3, ili ekseli isimame shokapu ikiwa kwenye 39. Gari litakuwa na sentimita 12 za kupanda na 10 za kushuka. Raba hiyo ndiyo kifaa cha bei ndogo kuliko vyote katika kazi hii, na ndicho kinachosahauliwa mara nyingi.

Tarakimu za gari lako zitakuwa tofauti, na kuzipata kunahitaji futi ya kupimia, jeki na saa mbili za fundi. Pima gari likiwa kwenye sakafu bapa na mzigo wake wa kawaida, kutoka katikati ya tundu la juu la shokapu hadi katikati ya tundu la chini. Pima pia nafasi iliyopo kati ya raba ya kizuizi na ekseli. Kisha chesisi inyanyuliwe na kuegemezwa kwenye stendi imara (si jeki peke yake), shokapu zifunguliwe, na ekseli iachwe ining'inie taratibu huku fundi akiutazama mpira wa breki. Mara nyingi hugundulika hapo kwamba mpira huo ndio unaonyooka wa kwanza. Kama ni hivyo, urefushwe kabla ya kununua shokapu yoyote, maana mpira wa breki ukikatika haubembelezi mtu. Shokapu iliyofungwa kwa mshazari hairefuki kwa sentimita zile zile gari lilizoinuka, ndiyo sababu kupima kunashinda kukisia.

Usiende dukani na jina la gari pekee. Land Cruiser za familia ya 70, zilizoanza kutoka kiwandani mwaka 1984, zilikuwa na pleti mbele na nyuma katika aina nzito hadi mwaka 1999, ambapo mbele ziliwekwa springi za kuzunguka. Duka linaweza kukupa shokapu ya aina moja wakati gari lako ni la nyingine, na sanduku likaandikwa jina lile lile. Land Rover Defender nayo ilitumia springi za kuzunguka, wakati Land Rover za zamani zilikuwa za pleti. Angalia pia vichwa vya shokapu: vingine vina pini yenye nati, vingine vina jicho lenye bushi. Fundi anayekata na kuchomelea kichwa ili kilingane na gari anaunguza sili iliyoko sentimita chache chini yake.

Baada ya urefu unakuja uzito, na hapa wafanyabiashara wa Tabora wana tatizo lao wenyewe. Gari la mtalii hubeba mzigo ule ule kwenda na kurudi. Gari la asali huenda na ndoo tupu na kurudi limejaa. Asali ni nzito kuliko maji kwa karibu mara moja na nusu: ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20, ikijaa asali ni karibu kilo 28. Anayehesabu ndoo 30 kama kilo 600 amebeba kilo 840 bila kujua. Wanyamwezi waliobeba pembe na vitambaa kati ya Bagamoyo, Kaze na Ujiji walikuwa waangalifu zaidi. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, karibu kilo 32, na ulipimwa kabla ya msafara kuondoka. Kwa kipimo hicho gari letu la ndoo 30 limebeba msafara wa watu 26.

Shokapu hufanya kazi pande mbili. Ikibanwa, huzuia gurudumu lisipande kwa kasi. Ikinyooka, huzuia springi isirushe mwili wa gari. Springi nzito za kubeba tani moja hurudi kwa nguvu kubwa, hivyo huhitaji shokapu yenye ukinzani mkubwa zaidi upande wa kunyooka. Lakini ukichagua shokapu ngumu kupita kiasi kwa ajili ya ile siku ya mzigo, safari ya kwenda na gari tupu itakuwa ya kurukaruka, magurudumu yataacha kugusa ardhi kwenye mikunjo, na dereva atapunguza mwendo au atapoteza usukani. Neno la "kazi nzito" kwenye sanduku halisemi lolote juu ya hili. Muulize muuzaji shokapu imetengenezwa kwa springi za uzito gani, na kama imekusudiwa gari lenye mzigo wa kudumu au wa msimu. Asipojua, nenda duka la jirani. Old Man Emu ya Australia, kwa mfano, huuza shokapu kwa kuzilinganisha na springi na uzito wa gari, na utaratibu huo ni mzuri hata kwa asiyenunua jina hilo. Wakulima wa tumbaku wana nafuu kidogo: bunda ni kubwa kwa macho lakini halina uzito wa asali.

Lami imebadilisha hesabu hii. Sasa unaweza kutoka Tabora hadi Nzega, Urambo, au kupitia Sikonge hadi Mpanda bila kukanyaga vumbi. Gari lile lile lililoinuliwa kwa ajili ya pori hukimbia kilometa 100 kwa saa kwa saa nzima kabla ya kukata kona kuingia msituni. Gari lililonyanyuliwa lina kitovu cha uzito kilicho juu zaidi, na shokapu iliyokwisha nguvu upande wa kunyooka huliacha lilale kwenye kona. Wanaopanda juu ya mizigo wakati wa msimu, jambo lisiloruhusiwa lakini linaloonekana, ndio wanaolipa kwanza.

Kuna suala la joto. Barabara ya changarawe iliyojikunja kama bati huisukuma pistoni mara nyingi kila sekunde. Oili ikichemka na kuchanganyika na hewa hufanya povu, na povu halina ukinzani. Ndipo dereva husema gari limeanza kuelea. Shokapu za bomba mbili, ambazo ni nyingi zaidi madukani, hupunguza povu kwa kuwekewa gesi ya naitrojeni yenye mgandamizo mdogo. Za bomba moja, zilizotokana na kazi ya Mfaransa Christian Bourcier de Carbon na kuenezwa na Bilstein ya Ujerumani tangu miaka ya 1950, hutenga gesi na oili kabisa na hupoa haraka, kwa kuwa oili inagusa ganda la nje moja kwa moja.

Kwa sababu hiyo hiyo bomba moja lina udhaifu. Pistoni husugua ganda lenyewe, na jiwe au kisiki kikilibonyeza, kazi imekwisha. Bomba mbili huvumilia kubonyea kidogo. Kwa mtu wa Tabora anayepita njia za visiki, maoni ya ukurasa huu ni kwamba bomba mbili nene zenye gesi ni chaguo bora. Bomba moja limfae anayekimbia masafa marefu kwenye changarawe, na aliwekee kinga ya chuma.

Bei sasa. Tarakimu zifuatazo ni za mfano wa hesabu tu, si bei za soko. Shokapu nne za sh. 60,000 kila moja zinagharimu sh. 240,000 na kudumu msimu mmoja. Nne za sh. 250,000 zinagharimu sh. milioni 1 na kudumu misimu minne. Kwa msimu, ya kwanza ni 240,000 na ya pili 250,000, hivyo wengi husema rahisi ni bora. Ongeza ufundi wa sh. 40,000 kila zinapobadilishwa: ya kwanza inakuwa 280,000 na ya pili 260,000. Ongeza siku mbili tu kwa msimu ambazo gari la kukodi la sh. 200,000 kwa siku limesimama likingoja kipuri kitoke Dar es Salaam kwa basi, na ya kwanza imefika sh. 680,000.

Hata hivyo, milioni 1 iliyolala chini ya gari haiwezi kununua asali. Mwenye gari linaloingia porini mara mbili kwa msimu, na siku nyingine linazunguka mjini, hana sababu ya kufunga mtaji wake hapo. Anunue za bei ya kati zenye urefu sahihi. Gari linalofanya kazi kila wiki ndilo linalorudisha gharama ya shokapu ghali.

Bidhaa feki ni sehemu ya soko hili. Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kuzikamata, lakini ulinzi wa kwanza ni risiti inayotaja namba ya kipuri. Linganisha namba ya kwenye sanduku na iliyopigwa kwenye mwili wa shokapu. Fimbo iwe laini inayong'aa bila mikwaruzo. Isukume hadi mwisho na kuivuta kwa mkono: ukinzani uwe sawasawa njia nzima, bila sehemu inayoteleza ghafla. Shokapu ya gesi hunyooka yenyewe polepole ikiachiwa. Zinunuliwe mbili mbili kwa kila ekseli, kwani mpya moja na kuukuu moja huvuta gari upande.

Zikishafungwa, safari ya kwanza iwe na mzigo wa kawaida. Baada ya nusu saa ya barabara mbaya, simama na udondoshee kila shokapu maji kidogo kabla ya kuigusa kwa nyuma ya kiganja. Zinazofanya kazi zitakuwa na joto linalokaribiana. Iliyo baridi peke yake haifanyi kazi. Irudishe dukani na risiti yake wiki hiyo hiyo.