Ya Kwanza Google Siyo Lazima Iwe ya Mwaka Huu

Mwaka jana mdogo wangu alichaguliwa kujiunga na kidato cha tano. Kwetu Oloipiri, wilayani Ngorongoro, habari ile ilipokelewa kwa furaha kubwa, maana katika boma letu ndiye msichana wa kwanza kufika hapo. Mimi nilikuwa chuoni nimebanwa na mitihani. Basi akapanda kilimani panaposhika mtandao, akaandika jina la shule na maneno "fomu ya kujiunga", akafungua jibu la kwanza. Ilikuwa na kila kitu: godoro, shuka, ndoo, na sketi mbili za damu ya mzee. Baba akapeleka mbuzi wawili mnadani, fundi pale Wasso akashona sketi.

Alipofika shuleni akakuta wenzake wote wamevaa kijani. Fomu aliyoisoma ilikuwa ya miaka mitatu nyuma. Nilimpigia simu nikiwa nimeshapanda hasira, lakini jibu lake lilinimaliza: "Kaka, si ndiyo ilikuwa ya kwanza Google?"

Jioni moja nikakaa maktaba nikatafuta maneno yaleyale. Kweli bwana, ya kwanza ilikuwa blogu moja yenye fomu ya zamani. Fomu mpya nayo ilikuwepo, tena iliwekwa mapema kabisa, ila ilikuwa ukurasa wa tatu wa majibu ambako hakuna mtu mwenye bando la kubahatisha anafika. Hakuna aliyedanganya. Sasa kwa nini uzee ulishinda?

Google inafikaje kwenye ukurasa

Unapotafuta kitu, Google haikimbii mtandaoni muda huohuo. Kazi ilishafanyika kabla. Kuna programu inayozunguka kutoka kiungo hadi kiungo, kama mtu anayefuata njia za ng'ombe kutoka boma moja hadi jingine. Boma lisilo na njia halipati mgeni. Kila inapofika inasoma maandishi na kuyaweka kwenye faharasa kubwa: neno hili lipo katika kurasa hizi. Wewe ukiuliza, inafungua faharasa na kupanga majibu.

Kwenye kupanga ndiko kuna kazi. Larry Page na Sergey Brin, walioanzisha Google mwaka 1998 wakitokea Chuo Kikuu cha Stanford, walikuja na wazo rahisi: kiungo ni kama kura. Ukurasa unaoelekezwa na kurasa nyingi, hasa zile zinazoheshimika, una uzito. Leo Google inapima mambo mengine mengi, lakini viungo na maneno ya kichwa cha ukurasa bado vina nguvu.

Linganisha sasa kurasa zetu mbili. Ule wa blogu ulikuwa na kichwa chenye jina la shule na maneno "fomu ya kujiunga kidato cha tano", maandishi yake yanasomeka, na kwa miaka mitatu watu wamekuwa wakiusambaza. Ule mpya ulikuwa na kichwa "TANGAZO MUHIMU", na ndani yake faili moja tu linaloitwa scan0012. Lilikuwa picha ya karatasi iliyopinda, juu yake mhuri umefunika nusu ya jina. Google inaweza kujaribu kusoma maandishi ndani ya picha, lakini hata mimi mwenye macho mawili nilihangaika. Na nani aliyewahi kutafuta "tangazo muhimu"?

Mfumo upo, visanduku vitupu

Zamani mtu wa tovuti aliandika kila ukurasa kwa mkono, alama kwa alama. Baadaye ikaja mifumo ya kusimamia maudhui: Drupal mwaka 2001, WordPress 2003, Joomla 2005. Wazo lake ni kutenganisha maneno na sura. Fundi anatengeneza sura mara moja. Karani, mwalimu au katibu wa klabu anaingia na nywila yake, anajaza kichwa, maelezo na tarehe, anabonyeza "chapisha". WordPress peke yake sasa inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani.

Kwetu pia wazo hilo limeingia. Mwaka 2017 Serikali ilizindua kwa pamoja tovuti za mikoa na halmashauri za Tanzania Bara. Ndiyo maana ukifungua ya Karatu kisha ya Ngorongoro unaona zinafanana kama mapacha. Faida yake ni kwamba ukiizoea moja umezizoea zote.

Lakini mfumo haujazi visanduku wenyewe. Anayeweka tangazo akiandika kichwa kisichoeleza kitu, asipoandika mistari miwili ya maelezo, akapakia picha tu, mfumo utachapisha bila kulalamika. Tangazo litakuwa mtandaoni na bado halipatikani. Kwa binti aliye kilimani na MB chache, hivyo viwili havina tofauti na kutokuwepo.

Kiswahili kinabadilika mbele

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa Kiswahili. Kiingereza hubadilisha maneno zaidi mwishoni. Mwaka 1980 Martin Porter wa Uingereza alichapisha kanuni maarufu za kukata mikia ya maneno ya Kiingereza ili mashine ione kuwa yana asili moja. Kiswahili hubadilika mbele pia: amechaguliwa, wamechaguliwa, waliochaguliwa, watakaochaguliwa. Kukata mkia peke yake hakusaidii hapo.

Google imeshajifunza mengi kuhusu lugha zetu. Ila kisanduku cha kutafutia ndani ya tovuti nyingi, kikiwemo kile cha kawaida cha WordPress, hulinganisha herufi tu. Ukiandika "wamechaguliwa" na tangazo limesema "waliochaguliwa", utaambiwa hakuna kitu. Andika "chaguliwa" peke yake, yote mawili yatatokea. Somo la mofimu tulilolilalamikia mwaka wa kwanza kumbe lina kazi!

Upepo unaelekea wapi

Mabadiliko mawili ya karibuni yanafanya jambo hili kuwa zito zaidi. La kwanza ni simu. Google ilitangaza mwaka 2016 kwamba itaanza kuupima ukurasa kwa jinsi unavyoonekana kwenye simu, siyo kompyuta, na mwaka 2023 ikasema kazi hiyo imekamilika. Tovuti isiyokaa vizuri kwenye simu inajiumiza yenyewe.

La pili ni akili mnemba. Tangu mwaka 2024 Google imeanza kuweka juu ya majibu muhtasari ulioandikwa na mashine, kuanzia Marekani kisha nchi nyingine. Wengi wanasoma hapo na kuondoka bila kufungua ukurasa wowote. Mashine hiyo hujibu kwa kutumia maandishi iliyoweza kuyasoma. Kama chanzo halali kimeweka picha iliyopinda na blogu imeweka maandishi safi ya miaka mitatu nyuma, jibu litatoka wapi? Tena litatoka kwa lugha ya kujiamini, bila hata ule ukurasa wa tatu wa kukupa mashaka.

Tufanye nini

Kama unatafuta, andika mwaka. Ongeza "site:go.tz" kabla ya maneno yako, Google itakuletea tovuti za Serikali tu, kwa vyuo kuna "site:ac.tz". Kabla ya kutoa hela, tafuta tarehe ndani ya waraka wenyewe, siyo tarehe ya blogu. Usipoiona, piga simu shuleni.

Kama unaweka tangazo, na hapa nawasema viongozi wa klabu zetu pia, andika kichwa ambacho mtu angekitafuta: jina la taasisi, jambo, mwaka. Mambo ya msingi yaandike kwa maandishi, picha ya karatasi yenye mhuri ije chini. Faili lipe jina linaloeleweka. Na mwaka ukiisha usifungue ukurasa mpya. Boresha uleule kwa anwani ileile, ili kura zote ulizokusanya zibaki kwako. Waraka wa zamani uandikwe juu kabisa kwamba umepitwa na wakati.

Sisi wa ualimu hatuchomoki hapa. Miaka miwili mitatu ijayo, mwalimu kijana aliyeripoti juzi ndiye atakayeambiwa, "Wewe unajua kompyuta, tuwekee hii fomu." Dakika tano za kujaza visanduku ni mbuzi wawili wa mzazi fulani.

Mdogo wangu alishonewa sketi za kijani, anaendelea na masomo vizuri. Zile za damu ya mzee Yeyo amezikunja sandukuni. Anasema kitinda mimba wetu naye siku moja atachaguliwa, huenda shule yake ikawa ya rangi hiyo. Nimemwambia sawa Yeyo, ila safari hii tutaangalia tarehe kwanza.