Fuvu Kifuani, Gereza Lililovunjwa

Frank Castle alizaliwa kwenye karatasi Februari 1974, katika toleo la 129 la kitabu cha katuni The Amazing Spider-Man. Mwandishi Gerry Conway na wachoraji John Romita na Ross Andru walimvalisha nguo nyeusi, wakamchorea fuvu kubwa jeupe kifuani, wakamjaza bunduki na kumpa jina la The Punisher. Kisa chake kilikuja baadaye: askari aliyerudi salama kutoka vita vya Vietnam, kisha mke na watoto wake wakauawa na majambazi katika bustani ya Central Park, New York. Tangu siku hiyo Castle hakamati mtu wala hapeleki mtu polisi. Anaua.

Alikusudiwa awe mhusika wa kupita tu, lakini wasomaji hawakumwachia aende. Mwaka 1986 alipata mfululizo wake mwenyewe, na kuanzia 2000, chini ya kalamu ya Garth Ennis, damu ilizidi kurasani. Wenzake hawakukosekana. Waingereza walikuwa na Judge Dredd tangu 1977, askari anayekamata, anayehukumu na kutekeleza adhabu papo hapo barabarani. Alan Moore alimwandika Rorschach wa katuni ya Watchmen ili msomaji amwogope, wengi wakampenda.

Ni nini kinachowavuta watu kwa shujaa mwuaji? Anayetaka jibu la kweli aanzie Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Tarehe 11 Juni 2017, watu wenye silaha walivamia Kangbayi, gereza kuu la mji wa Beni. Wafungwa zaidi ya 900 walitoroka, watu 11 wakafa, wengi wao wakiwa walinzi. Tarehe 20 Oktoba 2020 gereza hilohilo lilivunjwa tena, na safari hii waliotoka walizidi 1,300. Miongoni mwa wafungwa wa Kangbayi walikuwamo watu wa makundi ya silaha, katika eneo ambalo raia wake wamekuwa wakichinjwa tangu Oktoba 2014, mauaji ambayo mengi yanahesabiwa kuwa ya waasi wa ADF wenye asili ya Uganda. Mei 2021 serikali ilitangaza état de siège: magavana wa kiraia wakapisha wanajeshi, na raia wakaanza kushitakiwa mbele ya mahakama za kijeshi. Agosti 2022, utawala huo ukiwa bado upo, ikawa zamu ya Butembo. Gereza la Kakwangura lilishambuliwa na wafungwa zaidi ya 800 wakatoka.

Sasa msomaji amfikirie Joker, adui wa Batman. Batman humkamata bila kumwua na kumfungia katika hospitali ya wendawazimu ya Arkham. Joker hutoroka, huua, hukamatwa, hutoroka tena, miaka nenda miaka rudi. The Punisher ni jibu la watu waliochoshwa na mlango huo usiofungika. Wamarekani wa 1974 walikuwa na uchovu wao: uhalifu ulikuwa umepanda mijini, na mwaka huohuo filamu Death Wish, ya mume anayewawinda wahalifu baada ya mkewe kuuawa, ilijaza kumbi. Mkazi wa Beni aliyezika ndugu, kisha akasikia kwamba gereza limebaki tupu, hahitaji kufafanuliwa hamu hiyo.

Hamu yenyewe si ngeni kwa wasomaji wa Kiswahili. Katika miaka ya 1960 walimfuata Lance Spearman, mpelelezi wa hadithi za picha za gazeti la African Film, mwenye kofia yake ya Panama na ngumi zisizokosea. Mwaka 1974, mwaka uleule wa Castle, Elvis Musiba alimleta jasusi Willy Gamba katika riwaya ya Kufa na Kupona. Lakini Gamba anaua akiwa ametumwa na serikali yake, na kazi ikiisha kuna mkubwa wa kumpa taarifa. Castle hana mkubwa. Huko ndiko katuni za baadaye zilikokwenda mbali zaidi, na huko ndiko kwenye hatari.

Katuni ina uwezo ambao mtaa hauna. Kabla risasi haijatoka, mchoraji ameshamwonyesha msomaji kila kitu: jambazi akimpiga bibi kizee, jambazi akihesabu pesa za damu, jambazi akicheka. Hatia inajulikana tangu kisanduku cha tatu, na kilichobaki ni raha ya kuona inalipwa. Raha hiyo si uovu. Anayeifurahia ana kiu ya haki, na kiu hiyo ni halali kabisa. Kosa ni kudhani kwamba maisha nayo huonyesha kisanduku cha tatu.

Conway mwenyewe alilijua hilo. Katika hadithi ile ya kwanza, The Punisher anamwinda Spider-Man akiamini ni mwuaji, kumbe amedanganywa na mhalifu aitwaye Jackal. Wapenzi wengi wa fuvu lile husahau kwamba mtu wao aliingia ulimwenguni akimfyatulia risasi asiye na kosa.

Kosa hilo lipo mitaani pia. Watu wa Butembo na Beni huliita justice populaire, yaani haki ya umati: mwizi au mshukiwa anakamatwa na umati, anapigwa mawe, pengine anachomwa. Tarehe 31 Oktoba 2014, majuma machache baada ya mauaji ya Beni kuanza, kijana mmoja aliuawa hivyo mjini Beni. Mashahidi walisema alishukiwa ndani ya basi kwa sababu alikuwa na panga na hakujua Kiswahili cha pale. Panga, katika nchi ya wakulima! Na Aprili 2019, wakati uvumi ukidai kwamba Ebola ni uongo na biashara ya wageni, wenye silaha waliingia hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo na kumwua Richard Mouzoko, daktari Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani aliyekuja kupambana na ugonjwa huo.

Nchini Marekani fuvu la Castle lilihamia kwenye magari na sare za baadhi ya polisi na askari. Conway alikasirika waziwazi, kwani kwake ni jambo lisiloeleweka kwamba mlinzi wa sheria avae alama ya mtu aliyeitupa sheria. Mwaka 2022 kampuni ya Marvel ilimpa The Punisher nembo nyingine.

Mchoraji wa Beni au Butembo anayetafuta hadithi ya aina hii hana haja ya kuiazima New York. Kanali Mamadou Ndala, shujaa wa vita dhidi ya waasi wa M23, aliuawa katika shambulio la kuvizia karibu na Beni tarehe 2 Januari 2014. Kesi ya mauaji yake ilisikilizwa mjini Beni na mahakama ya kijeshi kuanzia Oktoba mwaka huo, hadharani, na hukumu ikatolewa tarehe 17 Novemba. Kijana wa kwenye basi aliuawa katikati ya majuma hayohayo, katika mji uleule, kesi ya kanali ikiwa bado inaendelea. Mambo hayo mawili yachorwe kurasa zinazotazamana, na nyuso za wanaosikiliza mahakamani ziwe nyuso za mji uleule ulioshika mawe.