Kuuzuru Mji kwa Miguu: Mlaji Kati ya Majengo ya Kale, Kahawa na Mitumba

Wakazi wengi wa Dar es Salaam, pamoja na wageni wanaofika kwa shughuli za siku mbili tatu, huujua mji huu kwa vituo vyake vya daladala na mwendokasi. Iko njia nyingine ya kuufahamu, nayo ni kutembea: kutazama majengo ya kale, kupumzika kwa kikombe cha kahawa, kisha kupekua mitumba kwa subira. Matembezi ya namna hiyo hayahitaji fedha nyingi. Hata hivyo, katika kila kituo mlaji hufunga mapatano na mtu fulani, hata kama hakuna karatasi inayotiwa saini. Yupo anayejitolea kumwongoza, yupo anayemmiminia kahawa, na yupo anayemuuzia shati. Makala haya yanaeleza mambo ambayo mlaji anapaswa kuyaangalia katika kila mapatano, na haki alizo nazo yanapokwenda kombo.

Majengo ya kale

Ni vema kuanzia ufukweni, katika Barabara ya Sokoine. Hapo lipo Boma la Kale, lililojengwa kati ya mwaka 1866 na 1867, zama za Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, ili kupokea wageni wake. Kuta zake nene ni za mawe ya matumbawe, na mlango wake ni wa mbao zilizotiwa nakshi. Ukifuata barabara hiyo kuelekea mashariki utalikuta Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1897 na kukamilika 1902, na mbele kidogo Kanisa la Kilutheri la Azania Front, ambalo nalo ni la enzi ya Wajerumani. Ukiingia ndani ya mji utaiona Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Kutoka hapo hadi Kisutu, inua macho juu ya maduka: baadhi ya majengo ya ghorofa ya wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi yameandikwa mwaka wa ujenzi kwenye kipaji chake.

Kutazama majengo haya kwa nje hakulipiwi. Mtu akijitolea kukuongoza, patana naye malipo kabla hamjaanza, na umuulize kama ni ya kundi zima au ya kila mtu. Malipo yasiyotajwa mwanzoni ndiyo yanayozaa ugomvi mwishoni. Usipige picha za Ikulu, bandari wala maeneo ya ulinzi bila ruhusa.

Jambo moja linahitaji tahadhari kubwa zaidi. Mara nyingine mlaji huuziwa mlango wa nakshi au kifaa cha kale kwa maneno kwamba ni "cha wazee". Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda milango na fremu za milango za mbao zilizochongwa nchini kabla ya mwaka 1940, na huwezi kuisafirisha nje ya nchi bila kibali. Kwa hiyo mnunuzi ana maswali mawili ya kujiuliza. Ikiwa mlango ni wa kale kweli, je, muuzaji aliupata kwa njia halali? Na ikiwa ni mpya uliopakwa rangi ya uzee, kwa nini ulipie bei ya ukale? Lolote litakalokuwa jibu, mwombe muuzaji aandike katika risiti kile anachokitamka kwa mdomo. Anayekataa kuandika maneno yake mwenyewe amekwisha kukujibu.

Kikombe cha kahawa

Kahawa ya kijiweni huchemshwa katika birika juu ya mkaa na kunywewa chungu katika vikombe vidogo, pamoja na kashata. Bei yake ni ndogo na inajulikana, hivyo suala la kuangalia ni usafi. Tazama vikombe vinavyosuuzwa. Ikiwa vyote vinatumbukizwa katika ndoo moja ambayo maji yake yamekwisha badilika rangi, mwombe muuzaji amwagie kikombe chako maji ya moto kabla ya kukujazia. Ombi hilo si dharau. Likisemwa kwa upole hupokelewa vizuri.

Katika migahawa mikubwa iliyofunguliwa ndani ya majengo ya zamani, suala la kwanza ni bei. Omba orodha ya bei kabla ya kuagiza, na uulize kama bei zilizoandikwa zimejumuisha kodi na gharama ya huduma. Ukipewa ankara, isome mstari kwa mstari, kisha udai risiti ya mashine ya kielektroniki. Risiti hiyo huonesha siku, muuzaji na kiasi kilicholipwa, na ndiyo ushahidi wako wa kwanza endapo patatokea mgogoro. Ukilipa kwa simu, hakikisha jina linalojitokeza ni la mpokeaji uliyekusudia kabla ya kuingiza namba ya siri, na usiufute ujumbe wa malipo.

Kupekua mitumba

Kutoka Mnazi Mmoja, Mtaa wa Uhuru unakupeleka Kariakoo, na mbele yake Karume, Ilala, penye soko mashuhuri la mitumba. Biashara hii ilipanuka baada ya serikali kulegeza masharti ya uagizaji wa bidhaa katikati ya miaka ya 1980, na leo ndiyo inayowavisha watu wengi wa kipato cha chini na cha kati. Nguo huja zimefungwa katika marobota. Mfanyabiashara wa rejareja anaponunua robota hajui kwa hakika kilichomo. Hubahatisha, kisha hupanga bei kwa kufuata ubora wa kila nguo. Ndiyo maana mashati mawili yaliyotoka robota moja huweza kutofautiana bei mara tano, na ndiyo maana kupatana bei si utovu wa adabu.

Ikague nguo kwenye mwanga wa jua, si chini ya turubai la rangi, kwa kuwa turubai huficha madoa. Anza na sehemu zinazochakaa mapema: kwapa, kola, mapindo ya mikono na mapaja. Ivute kidogo mishono, fungua na ufunge zipu, hesabu vifungo, na upime mpira wa kiunoni kama bado unarudi. Usitegemee namba ya saizi, kwa sababu vipimo hutofautiana kati ya nchi na nchi. Jipime, au ulinganishe na nguo yako iliyokukaa vizuri. Ikihitaji kupunguzwa, jumlisha malipo ya fundi cherehani kabla ya kusema ni rahisi.

Viatu huhitaji uangalifu wa pekee. Ukunje mguu wa kiatu na uminye soli kwa kidole gumba. Soli za aina fulani za povu huoza zenyewe kwa kukaa muda mrefu, hata kama kiatu hakikuvaliwa. Juu hung'aa, lakini baada ya siku chache hupasuka na kumong'onyoka. Mzazi anayenunua viatu vya shule kwa akiba yake ya mwezi hupata hasara mara mbili: fedha zimekwenda, na mtoto bado hana viatu.

Nguo za ndani zilizotumika haziruhusiwi kuuzwa nchini kwa mujibu wa viwango vinavyosimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), kwa ajili ya kulinda afya. Usizinunue hata ukiambiwa hazijavaliwa. Nguo nyingine zote zifuliwe, zianikwe juani na kupigwa pasi kabla ya kuvaliwa. Ukikutana na vyombo vya umeme vilivyotumika, soma kibandiko cha nyuma. Umeme wetu ni wa volti 230, ilhali wa Japani ni 100 na wa Marekani ni 120. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya nchi hizo kikichomekwa moja kwa moja huweza kuungua siku hiyo hiyo. Dai kijaribiwe mbele yako.

Sheria inasemaje?

Baadhi ya wauzaji hutundika tangazo kwamba mali ikishauzwa haipokelewi. Walaji wengi hudhani kwamba maneno hayo yanamaliza kila kitu. Sivyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha au kumdanganya mlaji, na hakuna tangazo linalompa muuzaji ruhusa ya kudanganya. Aliyeuza ngozi ya bandia huku akitamka kwamba ni ngozi halisi hawezi kujificha nyuma ya kibao.

Lakini mlaji naye ana wajibu. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, mnunuzi aliyeikagua bidhaa hawezi kulalamikia ubovu ambao ukaguzi wake ulipaswa kuuona. Tundu lililo wazi kifuani mwa shati ni lako ukishalipa. Kwa hiyo uliza maswali yaliyo wazi mbele ya shahidi: "Je, ni ngozi?" "Je, inafanya kazi?" Jibu la muuzaji ni sehemu ya mapatano yenu.

Ukidhulumiwa

Rudi kwa muuzaji mapema, siku hiyo hiyo ikiwezekana, ukiwa na bidhaa, risiti au ujumbe wa malipo. Muuzaji mdogo mara nyingi hana risiti, hivyo kabla ya kuondoka kariri mahali alipo na uchukue namba yake ya simu. Eleza kasoro bila matusi, na useme unachotaka: kubadilishiwa, kurekebishiwa au kurudishiwa fedha. Msipoelewana, nenda kwa uongozi wa soko, ambao huwafahamu wafanyabiashara wake na hupatanisha haraka kuliko chombo kingine chochote. Ikiwa ulidanganywa, peleka malalamiko yako kwa maandishi Tume ya Ushindani (FCC). Suala la mizani au vipimo vilivyochezewa ni la Wakala wa Vipimo.

Usinyamaze kwa sababu fedha iliyopotea ni ndogo. Muuzaji anayemdanganya mnunuzi mmoja kwa shilingi elfu tano hurudia kwa wengine kumi kabla ya jua kuzama, na jirani yake mwaminifu hukosa wateja kwa sababu hiyo. Mlaji anayekagua, anayeuliza na anayedai haki yake humlinda pia muuzaji mwema, na hulifanya soko liwe mahali ambapo mtu hurudi kwa hiari Jumamosi ifuatayo.