Mbarika, Mbono na Mchoro: Fuchs wa 1542 na Majina ya Mimea ya Dawa Mpakani Busia na Tororo

Mnamo mwaka 1542 tabibu Mjerumani Leonhart Fuchs alichapisha mjini Basel kitabu cha mimea ya dawa chenye michoro zaidi ya 500 iliyochongwa kwenye mbao. Miongoni mwake umo mbarika, kichaka ambacho asili yake ni kaskazini-mashariki mwa Afrika na ambacho leo ni mmea wa kawaida pande zote mbili za mpaka wa Busia na Tororo. Wachoraji Albrecht Meyer na Heinrich Füllmaurer, pamoja na mchongaji Veit Rudolf Speckle, walipewa heshima ambayo wasanii wa wakati ule waliipata kwa nadra: sura zao zimo kitabuni.

Kwa mwanaisimu, chenye uzito zaidi ni mpangilio wa majina. Fuchs huanza na majina ya mmea katika Kigiriki, Kilatini na Kijerumani, kisha umbo lake. Mbarika ni *Ricinus*, yaani kupe, kwa kuwa mbegu yake yenye madoadoa hufanana na kupe aliyeshiba damu. Wajerumani waliuita *Wunderbaum*, mti wa ajabu. Majina yaliyorithiwa kutoka kwa Wagiriki yalikuwa yamekwisha kubandikwa mimea tofauti, na mchoro ndio uliokata shauri. Lugha za Kiafrika hazimo katika orodha hiyo, ingawa mmea ni wa Afrika.

Mpakani tatizo ni lile lile. Ateso na Kisamia huzungumzwa pande zote mbili. Tororo kuna Dhopadhola, na sokoni husikika Kiluganda, ambamo mbarika ni *nsogasoga*. Kiswahili, kinachotarajiwa kuunganisha, chenyewe kina mbarika, mnyonyo na mbono. Jina hili la mwisho, ambalo mzizi wake umeenea katika lugha nyingi za Kibantu, ndilo lenye hatari, kwani mbono huitwa pia mbono kaburi, mmea wa jamii hiyo hiyo uliotoka Amerika. Mafuta ya mbarika hutumika kulainisha choo, na sumu ya mbegu hubaki katika mashudu. Mafuta ya mbono kaburi hayafai kunywewa. Ushauri wa afya unaotaja “mafuta ya mbono” pekee unaweza, basi, kumdhuru anayeufuata.

Mchoro huondoa utata huo upesi. Tunda la mbarika kwa kawaida lina miiba laini na jani lake limegawanyika kama vidole. Tunda la mbono kaburi halina miiba, na jani lake halina migawanyiko mirefu. Jina la kisayansi, *Ricinus communis*, lililowekwa na Linnaeus mwaka 1753, humfaa mtafiti kuliko mnunuzi wa sokoni.

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ingefaa kuanza istilahi za mimea ya dawa kwa mchoro, kisha majina ya kila lugha ya mpakani chini yake, na “mbono” lisiandikwe popote bila kivumishi au picha.