Bolti Inayong'aa Si Lazima Idumu

BOLTI inayong'aa ndiyo inayovuta macho katika duka la vifaa vya ujenzi, na mara nyingi ndiyo ya bei nafuu. Kwa mnunuzi wa Mwanga anayeunda boti ya kuvulia dagaa, unafuu huo unaweza kuishia majini.

Mng'aro huo ni zinki iliyopakwa kwa umeme. Unene wake kwa kawaida ni maikroni 5 hadi 12, yaani mwembamba kuliko unywele. Ile bolti ya kijivu, isiyopendeza, imechovywa katika zinki iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 450 hivi, na zinki yake hufika maikroni 45 au zaidi. Zinki huliwa kidogo kidogo ili chuma kisiliwe. Penye zinki nene mara nne, kutu huchelewa takriban mara nne.

Maji ya Ziwa Tanganyika si ya chumvi, jambo linalowafariji wanunuzi kupita kiasi. Bolti ya boti hulowa usiku na kukauka juani mchana, kila siku, na hali hiyo inatosha kuleta kutu.

Nati na bolti za kuchovywa zinunuliwe pamoja. Zinki nene hujaza nyuzi za bolti, hivyo nati yake hupanuliwa kiwandani. Nati ya kawaida haitaingia, na fundi atakayeilazimisha ataikwangua zinki yote aliyoilipia mteja.

Asiyemudu bolti za kuchovywa ana grisi. Wajerumani walipoizamisha meli yao karibu na Kigoma mwaka 1916, walizipaka injini grisi nzito kwanza. Meli iliibuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Kwa vishikio vya kuzungusha kwa vidole hesabu ni nyingine. Mfano ni karabai, ambayo wavuvi wa Kigoma waliitegemea kwa miongo mingi kabla ya taa za sola na betri kuenea. Kishikio chake kina vijino, maana mkono wa mvuvi una maji na mafuta ya taa. Kwenye mashine ya kukereza, vijino hivyo hutengenezwa kwa kugandamiza magurudumu madogo ya chuma kigumu juu ya kishikio kinachozunguka. Chuma husukumwa juu, na kishikio kinanenepa kidogo.

Upakaji hufuata baadaye, na hapo ndipo penye udhaifu. Umeme hukimbilia ncha, kwa hiyo vilele vya vijino hupata madini mengi na mabonde hupata kidogo. Kutu huanzia mabondeni, panapotuama maji na uchafu. Kuchovya nako hakufai hapa, kwani zinki nzito itafukia vijino na kishikio kitateleza.

Kinachofaa ni shaba ya njano, iliyopakwa nikeli. Nikeli juu ya chuma ni hatari: ikitoboka, chuma cha chini hushika kutu haraka zaidi kuliko kama kisingepakwa. Kwa macho viwili hivi havitofautiani. Mnunuzi aende dukani na sumaku: ikinasa kwa nguvu, ndani ni chuma, na bei ya shaba isilipwe.