Fito za Mvua Juu ya Malolo

Vitunguu vilikuwa vimeng'olewa, vimetandazwa shambani vinyauke shingo. Juu ya milima, wingu zito lilikuwa limeshusha mistari ya mvua. Nikamwambia mzee mwenye shamba afunike upesi. Turubai hakuligusa.

"Mwanangu, zile ni fito tu," akasema. "Bado hazijakandikwa."

Neno hilo sikuliacha Malolo. Nilirudi nalo hadi Mikumi. Mvua inayotoka winguni ikakaukia njiani, wataalamu wa hali ya hewa huiita virga. Ni Kilatini: ufito, kijiti chembamba. Desturi ya kuyapa mawingu majina ya Kilatini ilianzishwa mwaka 1802 na Luke Howard, mfamasia wa London: cumulus ni lundo, cirrus ni shungi la nywele, stratus ni tandiko. Mwaka huohuo mwanasayansi Mfaransa, Lamarck, alijaribu kuyaita kwa Kifaransa, majina yake hayakushika. Virga iliingia baadaye. Aliyeichagua hakuwahi kuona nyumba ya miti ikisubiri udongo hapa Kilosa, lakini yeye na mzee huyu waliinua macho wakaona kitu kilekile.

Mzee amejifunza kuzisoma fito hizo kwa sababu zinamgharimu. Akifunika bure, vitunguu hutoka jasho, vikaoza. Akiacha wazi na mvua ikafika, vinaoza vilevile. Kwa hiyo hatazami wingu, anatazama ncha. Zikiwa zimechakaa na kupinda, na chini yake mlima unaonekana hadi miguuni, anaendelea na kazi. Mlima ukifutika wote, anakimbilia turubai. Mwaka mmoja alichelewa kukimbia. Hilo alilisema akitazama pembeni.

Kuna ishara nyingine: upepo wa baridi wenye vumbi. Hewa ya bonde hili ni kavu; matone yakigeuka mvuke ndani yake huipoza, ikawa nzito, ikaporomoka. Siku ile upepo ulitufikia. Tone halikufika hata moja.

Mvua ikigusa ardhi hubadilishwa jina, huitwa praecipitatio, kutoka kitenzi cha kuanguka kichwa chini. Isipogusa, kipimo cha mvua husoma sifuri. Sasa ile tuliyoiona kwa macho yetu, ikining'inia karibu saa nzima, ilinyesha au haikunyesha?

Nilimuuliza mzee. Alikuwa ameinama, anavigeuza vitunguu upande wa pili.

"Huko juu ilinyesha," akasema.