Mlo wa Pasaka na Meza ya Bwana: Kuwafundisha Watoto Kisiwani Pemba

Katika Kutoka 12:26 mafundisho ya Pasaka huanza na swali la mtoto. Katekisimo Ndogo ya Luther (1529) nayo hufundisha kwa kuuliza na kujibu. Kisiwani Pemba, ambako Wakristo ni wachache, mtoto wetu huweza kuulizwa imani yake na wenzake Waislamu, ambao nao wamjua Musa na Firauni. Basi mwalimu na aandae mlo: chapati isiyotiwa hamira ikumbushe haraka ya kutoka Misri, na mboga ya mchunga, uchungu wa utumwa. Watoto waulize, ndipo aeleze kwamba katika mlo wa Pasaka Yesu aliweka Chakula cha Bwana. Lakini mlo huo usiitwe sakramenti. Wenyewe huamsha swali tu. Sakramenti ni Neno la Kristo pamoja na mkate na divai.